Kuisoma Rekodi ya Jenerali wa Kijerumani: Vyeo, Vituo na Nishani za Paul von Lettow-Vorbeck

Wasomaji wengi wa historia ya Tanganyika wanalifahamu jina la Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa aliyeongoza majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki tangu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 hadi aliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wanaolifahamu jina hilo ni wengi kuliko wanaoweza kueleza kwa uhakika alikuwa na cheo gani katika mwaka fulani, nani alimpanga mahali alipokuwa, na nishani alizovaa alizipata lini na kwa sababu ipi. Majedwali ya maisha yake yanayosambaa mtandaoni hukubaliana katika mambo makubwa, kisha huanza kupingana mara tu mtu anapouliza tarehe. Mkanganyiko huo unafumbulika, na Lettow-Vorbeck anafaa sana kuwa mfano wa namna ya kuufumbua, kwa kuwa utumishi wake ulipita karibu katika kila kona ngumu ya mfumo wa kijeshi wa Ujerumani.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba cheo, wadhifa na nishani ni mambo matatu yaliyotembea kila moja kwa njia yake. Cheo kilionyesha nafasi ya ofisa mbele ya maofisa wenzake. Wadhifa ulimkabidhi kikosi au ofisi. Nishani ilimpa heshima bila kumwongezea askari hata mmoja wa kuwaamrisha. Kila moja ilikuwa na amri yake, na amri moja iliweza kuzaa tarehe tatu: siku ilipotiwa saini, siku ilipoanza kuhesabiwa, na siku ilipomfikia mwenyewe. Katika vituo vya Ulaya tarehe hizo zilikaribiana. Ng'ambo ya bahari, na hasa wakati wa vita, ziliweza kuachana kwa miezi.

Tuchukue uteuzi wake wa kuja Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1913 Lettow-Vorbeck, akiwa Luteni Kanali, alipangiwa kwenda kuongoza jeshi la koloni la Kamerun. Kabla hajaushika wadhifa huo amri ilibadilishwa, naye akatumwa Afrika Mashariki. Aliteremka Dar es Salaam mwezi Januari 1914, lakini wadhifa wake wa ukamanda ulihesabiwa rasmi kuanzia tarehe 13 Aprili 1914. Mwandishi mmoja akisema alikuwa kamanda tangu Januari, mwingine akisema tangu Aprili, na wa tatu akamworodhesha miongoni mwa makamanda wa Kamerun, wote watatu wanaweza kuwa wameona karatasi halali. Waliyokosa kuuliza ni kama karatasi hiyo inazungumzia kupangwa, kuwasili au kukabidhiwa madaraka.

Swali la pili, ambalo wachunguzi wengi hulipita haraka, ni hili: ofisa huyo alikuwa mtumishi wa nani? Ujerumani ya Kaisari haikuwa na jeshi moja lenye daftari moja. Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg kila moja ilikuwa na jeshi lake la nchi kavu, wizara yake ya vita na nishani zake. Jeshi la majini lilikuwa la dola nzima. Majeshi ya makoloni, yaliyoitwa Schutztruppe, hayakuwa sehemu ya jeshi la Prussia hata kidogo. Ofisa aliyetaka kuhudumu huko aliondolewa kwanza katika jeshi lake, kisha akaajiriwa upya katika jeshi la koloni, na kuanzia mwaka 1907 usimamizi wa majeshi hayo ulikuwa chini ya Wizara ya Makoloni mjini Berlin. Kwa hiyo mtu anayefungua orodha ya maofisa wa Prussia ya miaka hiyo na asilione jina analolitafuta asifikiri kwamba mtu wake alistaafu au alifukuzwa. Huenda jina limehamia katika daftari jingine.

Lettow-Vorbeck alihama madaftari mara kadhaa. Alianza katika jeshi la Prussia, akaenda China mwaka 1900 na kikosi kilichotumwa kuzima uasi wa Mabondia, na kuanzia mwaka 1904 hadi 1906 akawa katika jeshi la koloni la Afrika Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, ambako alijeruhiwa jicho. Kati ya mwaka 1909 na 1913 aliongoza Batalioni ya Pili ya askari wa majini wa nchi kavu huko Wilhelmshaven, yaani alikuwa chini ya jeshi la majini ingawa hakuwa baharia. Kisha akarudi tena katika jeshi la koloni. Anayetafuta rekodi nzima katika faili moja atachoka bure, kwa sababu faili hilo halikuwahi kuwa moja.

Tena, sehemu kubwa ya karatasi zenyewe iliteketea. Mwezi Aprili 1945 mabomu ya Waingereza yaliuangukia mji wa Potsdam na kuunguza hifadhi ya nyaraka za jeshi, na humo mafaili binafsi ya maofisa wa Prussia yaliangamia kwa wingi. Msiba huo ndio chanzo cha tofauti nyingi tunazoziona leo: mahali ambapo faili la asili lingemaliza ubishi, waandishi hulazimika kutegemea vitabu vilivyochapishwa, kumbukumbu za wahusika na nakala za nakala. Nyaraka za Bavaria zilizohifadhiwa Munich zilisalimika kwa kiasi kikubwa zaidi, na hivyo jenerali wa Bavaria wa Vita ya Kwanza ya Dunia mara nyingi huchunguzwa kwa urahisi kuliko mwenzake wa Prussia mwenye sifa kubwa zaidi.

Yaliyobaki yanatosha kufanyia kazi, mradi mtu ajue pa kugonga. Katika tawi la kijeshi la Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya nyaraka za Ujerumani, mjini Freiburg ziko karatasi binafsi za Lettow-Vorbeck, chini ya alama N 103. Mafaili ya Wizara ya Makoloni yako Berlin, katika fungu R 1001. Jarida la kijeshi lililotoka Berlin tangu mwaka 1816, Militär-Wochenblatt, lilichapisha upandishwaji vyeo na uhamisho kadiri ulivyotangazwa, na mambo ya makoloni yalitangazwa katika gazeti rasmi la makoloni. Kwa msomaji aliye Tanzania, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyoko Upanga, Dar es Salaam, ina mafaili ya utawala wa Kijerumani ambayo yanaonyesha upande ambao orodha za Berlin haziuonyeshi: barua kati ya bomani na makao makuu, malipo, na maagizo ya kila siku. Humo jina la ofisa huonekana akifanya kazi, jambo ambalo jedwali la vyeo haliwezi kulionyesha.

Tahadhari ndogo kuhusu majina. Ukoo wa Lettow-Vorbeck ulikuwa wa kijeshi, na baba yake Paul naye alikuwa jenerali wa Prussia. Ukikutana na jenerali wa jina hilo katika maandishi ya karne ya 19, huyo hawezi kuwa mtu wa Tanga, kwa kuwa mwana alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870 na akapata uofisa mwaka 1890.

Tukija kwenye vyeo, kosa linalojirudia zaidi ni kumwita mtu kwa cheo chake cha mwisho katika kila tukio la maisha yake. Vitabu vingi husimulia kwamba "Jenerali Lettow-Vorbeck" aliwashinda Waingereza na askari wao wa Kihindi Tanga. Aliyewashinda Tanga alikuwa Luteni Kanali, na umeja jenerali ulimjia vita vikiwa vimesonga sana. Jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu kisheria kamanda wa jeshi la koloni alikuwa chini ya gavana, na gavana Heinrich Schnee hakutaka vita vipiganwe katika miji ya pwani. Ugomvi wao haueleweki vizuri ikiwa msomaji ameshamvika luteni kanali mabega ya jenerali. Vilevile, katika jeshi la Ujerumani la wakati huo umeja jenerali ndio uliokuwa ngazi ya chini kabisa ya ujenerali, kwa sababu hakukuwa na brigedia jenerali chini yake. Anayelinganisha na majeshi ya leo ya Tanzania au Kenya anapaswa kushuka ngazi moja ili asimkweze mtu isivyostahili.

Mfano ulio bora zaidi wa tofauti kati ya cheo na wadhifa unapatikana katika vita hivyohivyo, na ni wa Kurt Wahle. Huyu alikuwa meja jenerali mstaafu wa jeshi la Saksonia aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta huko. Alijitolea kutumika, na hivyo jenerali akakubali kupokea amri za luteni kanali. Kwanza alisimamia njia za ugavi, kisha akapewa uongozi wa upande wa magharibi, ambako mwaka 1916 alikabiliana na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliyoongozwa na Charles Tombeur, hadi Tabora ilipoanguka mwezi Septemba mwaka huo. Baada ya hapo aliwatoa watu wake kuelekea kusini-mashariki na kuungana na wenzake, akadumu vitani hadi Oktoba 1918 alipoachwa mgonjwa huko Ubena, sehemu za Njombe, na Waingereza wakamchukua. Mtu akiisoma orodha ya vyeo peke yake ataamini kwamba Wahle ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi yote katika koloni. Akiisoma orodha ya nyadhifa peke yake, hatajua kwamba kamanda wa magharibi alikuwa jenerali mkubwa kwa cheo kuliko mkuu wake. Na kwa kuwa alikuwa Msaksonia, karatasi zake za awali zinatafutwa Dresden, si Berlin wala Freiburg.

Ndani ya nyadhifa zenyewe kuna vijineno vinavyobadilisha maana ya mstari mzima. Maofisa wa Kijerumani waliandikwa kwa vifupisho, na kila kifupisho kilikuwa na uzito wa kisheria. Ofisa aliyehamishwa alikuwa ameacha kikosi chake. Aliyeazimwa kwenda kikosi kingine alibaki mali ya kikosi cha kwanza. Aliyekabidhiwa uongozi kwa muda hakuwa bado kamanda kamili, hata kama aliongoza mapigano makubwa. Aliyeandikwa herufi a.D. alikuwa amestaafu, na aliyeandikwa z.D. alikuwa amewekwa pembeni lakini angeweza kuitwa tena. Mchunguzi anayezifuta herufi hizo ili jedwali lake lipendeze huwa amefuta habari yenyewe.

Nishani ndipo penye vurugu kubwa kuliko zote, na pia ndipo penye utajiri. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813, ukafufuliwa mwaka 1870, kisha 1914, kisha 1939. Kwa hiyo kusema tu kwamba jenerali alikuwa na Msalaba wa Chuma hakutoshi; ni lazima kutaja wa mwaka gani na wa daraja gani. Daraja la pili lilivaliwa kwa utepe na daraja la kwanza lilibandikwa kifuani bila utepe, na ndiyo maana picha nzuri wakati mwingine hushinda kitabu. Aliyeupata katika vita ya kwanza, kisha akastahili tena katika vita ya pili, hakupewa msalaba mwingine wa daraja lilelile; alipewa kishikizo chenye mwaka 1939 cha kuvaa pamoja na ule wa zamani.

Nishani za kifalme za Prussia, kama vile Tai Mwekundu na Taji, zilikuwa na madaraja mengi, na panga zilizoongezwa juu yake zilionyesha kwamba heshima hiyo ilipatikana vitani. Aliyepanda daraja alirudisha alama ya daraja la chini, na kwa hiyo orodha rasmi ya mwaka fulani huonyesha daraja la juu tu. Hata hivyo Wajerumani walikuwa na njia ya kuhifadhi historia hiyo: Tai Mwekundu wa daraja la tatu akiandikwa kuwa na tepe ya fundo, hiyo ni dalili kwamba mwenyewe aliwahi kuwa na daraja la nne. Fundo dogo la utepe katika picha linaweza kurudisha mstari uliopotea katika rekodi.

Medali za kampeni nazo husema zaidi ya zinavyotarajiwa. Medali ya China na ile ya Afrika Kusini-Magharibi zilitolewa kwa shaba kwa waliokuwa wapiganaji na kwa chuma kwa wasiopigana, hivyo rangi yake peke yake ni ushahidi. Mwaka 1912 Kaisari alianzisha medali ya ukumbusho wa makoloni, na juu ya utepe wake viliwekwa vibao vya kutaja mahali na miaka ya mapigano. Kimojawapo kimeandikwa jina la Afrika Mashariki ya Kijerumani na miaka 1905 hadi 1907. Msomaji wa Songea, wa Mahenge au wa Kilwa hahitaji kuelezwa ni vita gani hivyo. Ofisa wa Kijerumani anayeonekana na kibao hicho alikuwa upande wa bunduki katika vita vya Maji Maji, na hapo nishani inageuka kuwa mlango wa kuingilia katika historia ya watu ambao hawakuandikwa katika orodha yoyote ya Berlin.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uchunguzi wa rekodi za majenerali unapopata thamani yake. Mstari unaosema kwamba Lettow-Vorbeck alihudumu Afrika Kusini-Magharibi kuanzia mwaka 1904 unasomeka kama uhamisho wa kawaida wa kikazi. Wadhifa wake huko, hata hivyo, ulikuwa wa msaidizi katika makao makuu ya Lothar von Trotha, jenerali aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero tarehe 2 Oktoba 1904. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilitamka mwaka 2021 kwamba yaliyotendwa dhidi ya Waherero na Wanama yalikuwa mauaji ya kimbari. Mchunguzi mwaminifu hawezi kuandika kituo hicho na medali yake bila kuandika ofisi ilikuwa ya nani na ilifanya nini.

Nishani iliyomtangaza Lettow-Vorbeck kuliko zote ni Pour le Mérite, nishani ya Prussia ya heshima kubwa kwa matendo ya vitani, iliyoanzishwa na mfalme Friedrich wa Pili mwaka 1740 na kukoma upande wa kijeshi pale Kaisari alipoanguka mwaka 1918. Tarehe ya kutunukiwa kwake ni 4 Novemba 1916. Siku hiyo alikuwa porini kusini mwa Reli ya Kati, bandari zote zikiwa mikononi mwa Waingereza. Meli ya mwisho ya Wajerumani kupenya, Marie, ilikuwa imefika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, mwezi Machi mwaka huohuo, yaani miezi kadhaa kabla ya nishani kutolewa. Habari ilimfikia kwa njia isiyotarajiwa: adui yake, Jenerali Jan Smuts, alimwandikia barua kumjulisha kwamba ametunukiwa na kumpongeza. Lettow-Vorbeck anasimulia katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1920 kwamba alimjibu Smuts kwa adabu, ingawa mwanzoni alidhani mwenzake amechanganya na nishani ya Taji ya daraja la pili yenye panga, ambayo alikuwa ameipata muda mfupi kabla.

Kisa hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Mtunukiwa mwenyewe hakuwa na uhakika ametunukiwa nini. Tarehe ya amri, tarehe ya habari na tarehe ya kukabidhiwa msalaba wenyewe ni tatu tofauti, na ile ya tatu haikuweza kuwa ndani ya miaka ya vita, kwa kuwa hakuna chombo kilichomfikia tena kutoka Ujerumani. Hata meli ya angani L59, iliyoruka kutoka Jamboli, Bulgaria, mwezi Novemba 1917 ikiwa na shehena kwa ajili yake, iligeuka ikiwa juu ya Sudan na kurudi. Picha inayomwonyesha na msalaba huo shingoni, ikidaiwa kupigwa Rufiji au Ruvuma, inapaswa kutiliwa shaka papo hapo.

Majani ya mwaloni yaliyoongezwa juu ya nishani hiyo yanatupa somo jingine la tarehe. Husimuliwa mara nyingi kwamba aliyapata kwa ajili ya Mahiwa, katika mkoa wa Lindi, mapigano makali ya siku nne ambamo Waingereza na askari wao, wakiwemo wa Nigeria, walipata hasara ya zaidi ya watu 2,000. Mapigano hayo yalianza tarehe 15 Oktoba 1917. Majani ya mwaloni yameorodheshwa kuwa ya tarehe 10 Oktoba 1917. Heshima haiwezi kutolewa kwa tendo ambalo bado halijatendeka, kwa hiyo simulizi hiyo, japo inavutia, inaanguka yenyewe bila kuhitaji faili la Potsdam. Kuziweka tarehe mbili kandokando ni kazi ya dakika moja, na bado waandishi wengi hawaifanyi.

Kwa majenerali wa Vita ya Pili ya Dunia njia ni ileile, ila karatasi ni nyingi zaidi. Mafaili binafsi ya majenerali wa jeshi la nchi kavu yaliyosalimika yako Freiburg katika fungu Pers 6. Penye hatari zaidi ni wiki za mwisho za mwaka 1945, wakati mapendekezo ya nishani yalikuwa bado mezani na dola inaporomoka. Wapo waliokuja kuhesabiwa kuwa watunukiwa ingawa utaratibu wa kuidhinisha haukukamilika. Ofisa anayeonekana kuwa katika akiba ya viongozi, yaani kundi la maofisa waliosubiri kupangiwa kazi, naye asihesabiwe kuwa na kikosi, hata kama cheo chake ni kikubwa kiasi gani.

Lettow-Vorbeck hakuongoza jeshi katika vita hiyo ya pili, lakini rekodi yake ina mstari wa mwaka 1939 unaowapotosha watu hadi leo. Alikuwa amerudi Ujerumani mapema mwaka 1919 na kupita chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin, akapelekwa na kikosi chake Hamburg mwezi Julai mwaka huo kuzima ghasia, na akaacha jeshi mwaka 1920 baada ya kuunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri. Tarehe 27 Agosti 1939, siku ya kuadhimisha ushindi wa Tannenberg dhidi ya Warusi wa mwaka 1914, serikali ya Hitler ilimpa cheo cha Jenerali wa Askari wa Miguu kwa namna ambayo Wajerumani waliiita Charakter, yaani haki ya kuitwa na kuvaa cheo bila kukihudumia. Siku tano baadaye Ujerumani iliivamia Poland, na ukaribu wa tarehe hizo mbili umewafanya baadhi ya waandishi kumweka miongoni mwa majenerali wa Hitler vitani. Katika jedwali lililoandaliwa vizuri mstari huo husomeka hivi: mwaka 1939, cheo cha heshima, bila wadhifa, bila kikosi, mwenye cheo akiwa mstaafu wa miaka 69.